Mkono Niliouona Barabara ya Namanga

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nikiwa nimelala chali kando ya barabara ya Namanga, maziwa ya watu yakinitiririka kifuani. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na ilikuwa siku ya nne tangu nianze kubeba maziwa kwa baiskeli kutoka Kisaju hadi hapa Kitengela. Basi lilinipigia honi kutoka nyuma. Nikashtuka, nikatoka kwenye lami papo hapo nikidhani ndiyo adabu, na gurudumu la mbele likadumbukia. Siku hizo barabara ilikuwa haijatengenezwa ilivyo sasa, na ukingo wa lami ulikuwa juu ya udongo kwa shubiri nzima. Baiskeli tupu unaweza kuishusha hapo. Baiskeli yenye mitungi mitatu ya maziwa huiwezi.

Aliyeniinua ni mzee mmoja Mmaasai aliyekuwa akija nyuma yangu, naye na mitungi yake. Jina lake sitalitaja. Kwao marehemu hatajwi ovyo kwa jina, na mimi nina sababu zangu zaidi za kuliheshimu lile jina, kwa hiyo tumwite Mzee wa Kisaju. Alinitazama, akayatazama maziwa yaliyokuwa yakinywewa na vumbi, wala hakunicheka. Alinisaidia kufunga upya mitungi iliyobaki, akakaza zile kamba za mpira kwenye keria, kisha akaniambia, "Kijana, honi si Mungu. Ukisikia honi usitoke. Toa mkono."

Akanionyesha. Unanyoosha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama chini, halafu unakipiga hewani polepole, kama unamtuliza ndama. Maana yake: nimekusikia wewe wa nyuma, ningoje kidogo nifike mahali pa kushukia. Mahali penyewe ni pale njia ya ng'ombe au barabara ya boma inapokutana na lami bila ngazi. Ukifika hapo unatoka, gari linapita, na dereva mwenye utu anakupigia honi mbili fupi za asante. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Lakini kati ya Isinya na Kitengela wabeba maziwa wote waliijua, na madereva wengi waliozoea njia ile waliijua pia.

Ninakuambia haya kwa sababu ya Jumamosi iliyopita. Wewe ni mtoto wa dada yangu, umekuja Kitengela juzi tu, Mungu amekupa kazi na gari, na nilifurahi uliponichukua twende Kajiado kumwona mgonjwa. Karibu na Isinya tuliwakuta wale waendesha baiskeli wa wikendi, wenye kofia ngumu na nguo za kubana. Ukapiga honi. Yule wa mwisho akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja chini. Wewe ukakanyaga mafuta, ukampita karibu hata nikaliona shati lake likipepea, ukacheka na kusema, "Anko, hawa wasee wanadhani barabara ni ya babu yao." Nilikuomba usimamishe gari. Nilishuka nikakaa juu ya jiwe, nikakudanganya kwamba ni kichefuchefu. Uliniletea maji, ukanipepea kwa gazeti, maana moyo wako ni mwema na hilo nalijua. Haikuwa kichefuchefu. Niliuona ule mkono.

Sasa nisikilize hadi mwisho, hata kama utaniona mtu tofauti na mjomba uliyemjua.

Nilipanda baiskeli na Mzee wa Kisaju kwa miaka mitatu. Wenzake wa rika moja walimtania sana, kwa kuwa kwao maziwa ni mambo ya akina mama. Mke wake ndiye aliyekusanya maziwa ya majirani, na zamani aliyapeleka sokoni mwenyewe, mpaka magoti yakamshinda. Mzee alipoulizwa haoni aibu kubeba mitungi ya wanawake, alijibu kwamba magoti ya mke wake ni magoti yake pia. Huyo mama sote tulimwita Yeiyo, yaani mama. Mimi nilikuwa nimetoka Bungoma bila mtu, nikapanga chumba Noonkopir, hapa hapa Kitengela, na kila Jumapili nilikula kwao. Sufuria yake ya chai haikuwahi kunipita.

Baadaye nilipata leseni, na tajiri mmoja akanikabidhi lori la mchanga. Tulikuwa tukipakia kwenye mito mikavu ya huko ng'ambo ya Kajiado na kuleta hapa Kitengela, ambako nyumba zilikuwa zinaota kila mahali. Siku ya kwanza Mzee aliponiona nimekaa kwenye usukani, alipiga kengele ya baiskeli yake mara nyingi kama mtoto. Akasema, "Sasa tuko na mtu yetu huko juu." Nililibeba neno hilo kwa fahari, na laiti ningelibeba kwa muda mrefu zaidi.

Mwanzoni nilingoja. Kila nilipouona mkono nilipunguza mwendo, nikamngoja mtu ashuke, nikampigia honi mbili. Lakini pale Isinya madereva wa mchanga walikuwa na kibanda chao cha chai, na habari ikafika. Wakanipa jina, Maziwa. Nikiingia tu, mmoja ananiuliza, "Maziwa, leo umesindikiza baiskeli ngapi?" na wote wanacheka mpaka mwenye kibanda naye anacheka. Nilicheka pamoja nao, huku roho ikiniuma. Kijana anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kifo, mwanangu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sikusahau kwa siku moja. Nilianza kwa kungoja kidogo, halafu nikawa napiga honi mara mbili, halafu honi ndefu. Mwisho nikawa nasema kama wao, kwamba watu wa baiskeli ni takataka za barabara, hawalipi kodi ya gari na wanajipanga katikati kama wanaenda harusi. Sisemi kwamba waendesha baiskeli ni malaika. Wako waliopita gizani bila taa, wako vijana walioshikilia nyuma ya lori tukipanda mlima, na mmoja aliwahi kunikatia mbele nikatokwa jasho mchana kutwa. Lakini mwenye kosa la namna hiyo huumia yeye. Mwenye lori akikosea, huumia mwingine.

Mzee alisikia. Jumapili moja, chai ikiwa mezani, aliniambia bila ukali wowote, "Wanjala, nasikia honi yako imekuwa ndefu." Nikajibu kwamba kazi ya lori si kama ya baiskeli, kwamba asingeweza kuelewa. Yeiyo alinitazama, akaniongezea chai. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema kila siku, na tunalisema kwa wepesi kwa sababu tunadhani guu litakalovunjika ni letu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, jua limeshatoka vizuri, hakuna ukungu wala mvua ya kusingizia. Nilikuwa natoka Kajiado na mchanga. Ukishapita Kisaju ukija huku, barabara ilikuwa inateremka kidogo, kisha inapanda mwinuko mrefu. Kila dereva wa mchanga alijua kwamba lazima uteremke kwa kasi ili kasi hiyo ikupandishe. Ukishika breki kule chini, basi utapanda na gia ya kwanza, lori likilia kama linachinjwa, na msururu wa magari nyuma yako. Na aliyekuwa nyuma yangu asubuhi hiyo alikuwa mmoja wa wale wa kibandani.

Kule chini kabisa niliona baiskeli. Mitungi mitatu, kofia iliyofifia, mgongo ninaoujua. Nikapiga honi ndefu. Hakugeuka, kwa kuwa mwenye mzigo hageuki. Alitoa mkono wa kushoto, kiganja chini, akakipiga hewani polepole. Mbele yake, kama hatua mia moja, palikuwa na njia ya ng'ombe inayokutana na lami bila ngazi. Niliijua njia hiyo. Nilishukia hapo mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Na kutoka upande wa pili basi la Namanga lilikuwa linakuja.

Hatua mia moja tu, mwanangu. Nilichotakiwa kufanya ni kukaza mguu kwenye breki na kukubali kuitwa Maziwa siku moja zaidi. Dereva mwingine, wa kutoka mbali, angesema hakujua maana ya mkono ule, na huenda Mungu angemwelewa. Mimi nilijua. Nilifundishwa na mkono wenyewe.

Nilipita. Basi kulia, yeye kushoto, mimi katikati. Lori halikumgusa, na sentensi hiyo niliitumia kama dawa ya usingizi kwa miaka. Halikumgusa, lakini upepo wa lori lililojaa unavuta mtu, na yeye hakuwa na pa kwenda. Kwenye kioo cha pembeni niliuona mkono ukiwa bado umenyooshwa. Kisha gurudumu likaanguka ukingoni, kisha nikaona weupe wa maziwa. Nilijiambia atainuka, kama nilivyoinuka mimi siku ile. Nikapanda mwinuko na gia nzuri, nikaenda Noonkopir nikamimina mchanga.

Niliporudi, watu walikuwa wamekusanyika pale chini. Walikuwa wamemlaza kwenye nyasi na kumfunika shuka. Magari yalikuwa yamepita, yote, kila dereva akiogopa kuchafua kiti na kuandika taarifa polisi. Kijana mchungaji alinyoosha fimbo kunisimamisha. Nikasimama na kuuliza, kwa kinywa changu hiki, "Kumetokea nini?" Wakanijibu kwamba mzee ameteleza, mitungi ilimzidi. Ameangukia jiwe kwa kichwa.

Tulimpandisha mbele, mchungaji akampakata kichwa. Nikaendesha kuja hospitali hapa mjini, na safari hiyo niliendesha polepole kuliko siku zote za maisha yangu. Karibu na Kitengela alifungua macho. Mkono wangu ulikuwa juu ya gia. Akaweka wake juu yake, mkono wa kushoto, akanishika, akasema kwa sauti ndogo, "Hii mkono, wewe unaijua."

Hakusema neno jingine. Mchungaji alidhani mzee anaweweseka. Alifariki siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Baada ya maziko Yeiyo aliniita ndani, akaniketisha pale pale nilipozoea kukaa Jumapili. Akaniuliza, kwa kuwa ni mimi niliyempeleka hospitali, kama mume wake alisema chochote njiani. Ningeweza kuyamaliza hapo. Nilikuwa na sentensi moja ya mtu huyo, haikuwa yangu, ilikuwa yake yeye na watoto wake. Nikamjibu, "Hakusema kitu, Yeiyo."

Alitikisa kichwa taratibu. Kisha akasema kwamba kosa ni lake. Mzee alitaka kubeba mitungi miwili asubuhi ile, akilalamikia mgongo, na yeye akamwongezea wa tatu kwa sababu majirani wake walileta maziwa mengi. Hajawahi kuteleza maisha yake yote, alisema, basi ni mtungi wangu.

Nami nikanyamaza. Hapo ndipo nilipomuua Mzee mara ya pili. Mara ya kwanza nilimnyang'anya uhai, mara ya pili nikamnyang'anya sifa yake. Mtu aliyewafundisha wengine kupanda na mzigo akazikwa akiitwa mzee aliyezidiwa na mitungi, na mke wake akavishwa hatia yangu akiwa hai.

Aliivaa kwa miaka saba. Aliacha kukusanya maziwa. Alipowaona wanawake wakifunga mzigo kwenye baiskeli za waume zao, aliwaambia wapunguze, akiwasimulia habari ya mtungi wa tatu. Nilikuwa naendelea kwenda kwake. Nilimpelekea sukari, nilimpelekea maji kwa lori wakati wa ukame, nikajenga jina la mtu mwema, na kila mara alinimiminia chai. Pale kibandani hakuna aliyeniita Maziwa tena. Nilipata nilichokitaka.

Kisha akaugua. Nilimkuta amejifunika blanketi juani, amekonda, na katika mazungumzo ya kawaida, bila kulia, akasema, "Wanjala, mimi naenda karibuni. Nikimpata huko nitamuuliza kama alinisamehe hiyo mtungi."

Mficha uchi hazai, mwanangu. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikamwambia yote: honi, mkono, njia ya ng'ombe, hatua mia moja, kioo, mchanga niliokwenda kuumimina, na lile neno. Nikamaliza. Nilitazamia anilaani. Aliuliza jambo moja.

"Umekunywa chai yangu mara ngapi?"

Hadi leo nikikumbuka swali hilo naweka kikombe chini. Kisha akainamisha uso, akasema kwa Kimaa, halafu kwa Kiswahili ili nielewe, "Basi hakuteleza." Akalirudia. "Hakuteleza." Na hapo ndipo alipolia, na mimi nililia, lakini hatukuwa tunalia kitu kimoja. Yeye alikuwa amerudishiwa mume wake.

Aliniagiza nije kesho niyaseme tena mbele ya watoto wake na wazee wa ukoo. Nikaja, nikasema. Yaliyoamuliwa na wazee niliyatimiza. Nilijipeleka polisi, nikahukumiwa, nikatumikia kifungo. Mama yako alijua; wewe uliambiwa nimekwenda kufanya kazi Namanga. Tangu siku hiyo sijashika usukani, na sasa unajua kwa nini kila safari nakuomba wewe.

Nilipotoka, Yeiyo alikuwa bado hai, kwa shida. Aliniita. Sikutaka kwenda, nikaenda. Aliuchukua mkono wangu wa kushoto, akaufungua kiganja, akatema mate kidogo hapo. Wageni huona ni tusi. Kwao ni baraka, na mzee hambariki hivyo mtu asiyemtakia maisha. Alisema, "Na wewe utoe mkono kwa wengine." Akafa mwezi huohuo. Nimebarikiwa na mtu niliyemjeruhi kuliko wote, na baraka hiyo ni nzito kuliko laana, kwa sababu laana ungeikasirikia.

Basi, mwanangu, sikia. Barabara hii ni nyembamba na watu wameongezeka. Kuna mwenye lori, kuna mwenye gari dogo anayewahi kazi Nairobi, kuna mwenye pikipiki, na kuna anayesukuma baiskeli kwa miguu yake miwili. Anayetumia miguu yake usimfanye adui. Uliyempita Jumamosi ana nguo za kubana na baiskeli ya bei, huenda ni meneja wako, lakini ukingoni mwa lami yeye na mbeba maziwa ni mtu yule yule, nyama na mifupa. Ukiuona mkono, ngoja. Hujui yeye anaona nini mbele. Watakaokucheka kwa kungoja hawatakuwepo kukusaidia kubeba jeneza. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo huo nimeuona.

Na ukikosea, maana utakosea, simama. Usirudi baada ya saa moja kuuliza kumetokea nini. Maiti hahitaji uongo wako, ila walio hai wataubeba badala yako, na kila siku utakayonyamaza utawaongezea mtungi mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kusema ni mimi.

Jumapili njoo kwangu ukitoka kanisani. Acha gari, azima baiskeli ya jirani yako, upande nayo kutoka kwako hadi hapa, usikie lori likikujia kwa nyuma. Ukifika nitakupa chai, nami nitakuomba uniletee mkono wako wa kushoto. Nitautemea mate kama nilivyotemewa, usione kinyaa. Enkai, yaani Mungu kwa lugha ya Yeiyo, akupe njia ndefu, mwanangu, akupe na subira ya hatua mia moja. Na siku utakayonyoosha mkono wako wewe, amweke nyuma yako mtu atakayengoja.